Kapata 21 kati ya 30, chuo cha ufundi wamemkataa

Wakuu naombeni ushauri, mdogo wangu aliumia kichwa ajali ya bodaboda, anataka kurudi kwenye ushonaji, chuo wamempima MoCA (kipimo cha kumbukumbu na kufikiri, alama 30), eti hafai. Ni haki kweli?

— Pole sana mkuu. Hicho kipimo ni cha kuchuja tu, dakika kumi hivi, hakisemi mtu anaweza kazi gani. Kama kaishia la saba anaongezewa pointi 1, waliongeza?

— Lile swali la kuchora saa kwenye hicho kipimo je? Inatakiwa saa tano na dakika kumi, wakimtafsiria "kumi na moja na dakika kumi" Mswahili anaweka mshale mfupi kwenye 5, anakosa bila kosa.

— Akae kwenye cherehani wiki mbili wamwangalie anavyopima na kukata kitambaa, hiyo ndo tathmini.

— Jamani, aliweka kwenye 5! Kesho narudi chuoni.