Lango la mbele la Edinburgh Castle: ni la kale au ni pambo?

Mtoa mada: Wadau, wiki iliyopita nilipanga foleni kuingia Edinburgh Castle, ile ngome ya Scotland. Mbele yangu baba mmoja anamwonyesha mwanawe lile lango kubwa: "Hapa ndipo maadui walipomwagiwa mafuta ya moto." Adui gani jamani? Lango lile lilikamilika 1888, enzi za Malkia Victoria. Daraja lake la kuinuliwa lilijengwa wakati mizinga imekwisha kuyafanya madaraja ya namna hiyo kuwa kazi bure. Nia ilikuwa ngome ifanane na ngome iliyo vichwani mwa watu. Mimi nasema kiwekwe kibao kikubwa pale pale mlangoni, mtu asome kabla hajapita. Mnaonaje?

Mchangiaji 1: Mkuu, huko ni kutafuta chawa kwenye upara. Ngome yote ile ni viraka. Kanisa dogo la St Margaret ni la karne ya 12, Half Moon Battery, jukwaa la mizinga, ilikuja baada ya 1573. Kila zama zilijenga kwa mahitaji yake, na mahitaji ya 1888 yalikuwa urembo. Zaidi ya miaka 130 bado hujalipatia uraia tu lango hili?

Mtoa mada: Uraia nimelipatia, nataka cheti cha kuzaliwa kionekane. Panda juu kidogo hadi Portcullis Gate, ndilo lango lenye kazi. Sehemu ya chini aliijenga Regent Morton, aliyeitawala Scotland kwa niaba ya mfalme mtoto, baada ya ngome kuzingirwa 1571 hadi 1573 na kupigwa mizinga mpaka ikasalimu amri. Juu yake palikuwa na jengo la kawaida tu. Miaka ya 1880 msanifu Hippolyte Blanc akalibebesha mnara wa Argyle Tower, kwa fedha za William Nelson, mchapishaji wa vitabu. Mgeni anapiga picha moja, karne tatu zimo ndani, na yeye anaondoka akijua ni jengo moja.

Mchangiaji 2: Mnaacha kichekesho chenyewe. Pande mbili za lango la 1888 kuna sanamu za mfalme wa Scotland Robert the Bruce na shujaa wa vita vya uhuru William Wallace, zilizowekwa 1929, miaka 600 tangu Bruce afariki. Sasa, 1314 mpwa wake Thomas Randolph na watu wake walikwea jabali usiku wakaiteka ngome, na Bruce akaamuru ibomolewe Waingereza wasiitumie tena. Leo kafanywa bawabu wa nyumba aliyoivunja!

Mchangiaji 1: Hahaa, hapo sina la kujibu. Lakini kibao chako kitaua ladha. Watu hawakulipa kiingilio wakasomeshwe tarehe mlangoni.

Mtoa mada: Ladha gani inayokufa kwa mstari mmoja? Hiyo hadithi ya Bruce bawabu ni tamu kuliko mafuta ya moto.

Mchangiaji 2: Na yule baba, ulimwambia?

Mtoa mada: Nilinyamaza, mkuu. Mtoto alikuwa ameshainua kichwa anatafuta tundu la kumwagia.