Mrejesho: Nyumba ya mama karibu na mjini Lushoto

Wakuu, niliwauliza kuhusu nyumba ndogo inayouzwa jirani na soko la Lushoto. Haina ngazi, ua umesakafiwa, mama ataishi bila kuhangaika na palizi. Mlisema nianze na hati. Upekuzi ofisi ya ardhi umeonyesha jina ni la muuzaji, na haina rehani. Dalali akataka nilipe kabla mke wa muuzaji hajasaini, nilikataa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inalinda nyumba ya ndoa isiuzwe bila ridhaa ya mwenza. Mke huyo amesaini mbele ya wakili, ndipo nikalipa. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), hivyo mama hatapanga foleni. Asante sana uliyesisitiza niikague masika: paa halivuji kabisa!