Fuso Fighter 6D16 inachoka mlimani: ni pampu au valvu ya ritani?

Dereva_Sebei
Wakuu, habari za leo. Nina Fuso Fighter, injini 6D16 isiyo na tabo, pampu yake ya dizeli ni ile ya plunja sita (vile vipistoni vinavyosukuma dizeli kwenda kwenye nozo). Napandisha saruji na mbolea kutoka Mbale kwenda Kapchorwa, nikirudi nashusha viazi na mahindi. Mpaka Muyembe gari halina neno. Nikianza kupanda kuelekea Sipi linachoka: nakanyaga mafuta mpaka chini, mshale unashuka tu, naishia gia ya pili huku bodaboda zikinipita na magunia yao. Likiwa tupu linakimbia vizuri. Asubuhi linasumbua kuwaka, isipokuwa taniboi akipiga kwanza ile pampu ya mkono.

Filta ni mpya. Fundi niliyempata Mbale anataka pampu ishushwe, iende kwenye mashine ya kupimia, ibadilishwe plunja, na anataka shilingi milioni mbili kabla hajashika spana. Kabla sijazitoa, kuna kitu kidogo cha kuangalia kwanza?

Mzee_wa_Soroti
Moshi ukoje ukiwa mlimani?

Dereva_Sebei
Hakuna moshi, mzee. Hata nikikanyaga vipi.

FundiPampu_Malaba
Basi acha hizo milioni mfukoni kwanza. Gari likikosa upepo, au nozo zikikojoa, utaona moshi mweusi nyuma. Lisilotoa moshi na halina nguvu lina njaa ya mafuta. Plunja zilizolika huleta njaa pia, lakini hizo ni za mwisho kushukiwa, si za kwanza.

Fuata njia ya dizeli. Pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa pampu kubwa, hiyo yenye kitufe cha mkono, huvuta kutoka tangini, husukuma kupitia filta, na kujaza chumba kinacholisha plunja zote sita. Inasukuma mengi kuliko yanayochomwa. Yanayozidi hurudi tangini na kubeba hewa na joto. Sasa mlangoni pa kurudia, yaani ritani, kuna valvu yenye springi na gololi, kazi yake ni kuyazuia mafuta mpaka presha ifike kiasi fulani. Kwenye pampu nyingi za chapa ya Zexel ni kilo 1.6 kwa sentimita mraba, nyingine 2.6. Springi ikilegea, au taka ikikaa chini ya gololi, mafuta yanarudi tangini bila kizuizi. Gari tupu halitajua, linakula kidogo. Mlimani na mzigo plunja zinainuka kabla hazijajaa. Na usiku mafuta yanashuka polepole, ndiyo maana asubuhi taniboi anatoka jasho.

Kupima: toa ile bolti ya kutolea hewa juu ya filta, upande wa mafuta yanayotoka, funga geji hapo. Washa injini, pandisha mizunguko yake mpaka juu, soma. Huna geji? Tafuta mpira wa ritani, uzungushie kitambaa, ubane kidogo kwa koleo la kujifunga, kisha panda kipande kifupi cha mlima na mzigo ule ule. Nguvu zikirudi, kosa liko kwenye valvu. Zisiporudi, rudi nyuma: pampu ndogo, wavu ulio kwenye mdomo wake, bomba la tangini. Usiubane kabisa, na usiufanye dawa ya safari. Presha ikizidi inaweza kupitisha dizeli kwenye oili ya injini.

Mzee_wa_Soroti
Nakubaliana na fundi, ila mimi ningetanguliza hewa. Chomoa mpira wa ritani, utumbukize kwenye chupa ya maji iliyokatwa, yenye dizeli kidogo, injini ikiwa inaunguruma. Povu lisipokwisha, kuna mahali upande wa tangi panavuta hewa, na valvu mpya haitakusaidia kitu.

NQR_Lira
Wenye Isuzu za 4HK1 na nyingine za komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha nozo zote), tafadhali msiige hayo ya kubana na kulegeza. Kwetu reli inabeba zaidi ya baa 1,000, uvujaji wake unapenya ngozi. Valvu inayoweza kutukosesha nguvu sisi ni ya umeme, iko kwenye pampu, na hupimwa kwa kompyuta.

Dereva_Sebei
Chupa haikutoa povu. Nimebana mpira na kupanda kipande cha juu ya Muyembe: gia ya tatu, bila kulia! Nikafungua bolti ya ritani pale kwenye pampu. Fundi, ndani hamna kitu. Nikiitikisa kimya, nikipuliza upepo unapita pande zote mbili. Ni bolti tupu yenye tundu.

FundiPampu_Malaba
Nilikuwa nalisubiri hilo. Kwa nje zinafanana mno. Pampu ikishushwa na bolti zikamwagwa kwenye beseni moja, valvu inapotea, na anayefunga anaokota yoyote yenye uzi unaoingia. Nimezikuta nyingi. Wengine hata wakiwa na valvu nzima wanavuta springi irefuke, au wanaiongezea washa (pete bapa) kwa ndani. Kataa, presha itakuwa ya kubahatisha.

Ukienda dukani, hata soko la vipuri la Kisekka kule Kampala, usiseme tu “ya Fuso”. Piga picha ya kibati kilicho ubavuni mwa pampu, uwasomee namba. Valvu ikishikwa mkononi, ipulize upande wa kuingilia mafuta: mdomo wako haushindi springi. Upepo ukipita kirahisi, rudisha hapo hapo kaunta.

Kufunga: osha eneo lote kwa dizeli na brashi kabla ya kufungua, mchanga ukiingia humo ndipo utahitaji hizo milioni kweli. Weka washa mpya za shaba, moja kila upande wa jicho la bomba. Kaza kwa spana fupi, bolti hiyo ina uwazi katikati na hukatika shingo. Halafu legeza bolti ya hewa kwenye filta, taniboi apige pampu ya mkono mpaka yatoke mafuta matupu, funga, aendelee kupiga mpaka mkono uwe mzito na mlio wa valvu usikike. Ndipo upige starta.

Dereva_Sebei
Washa za zamani nikizichoma moto zikalainika, hazifai? Hapa mpya zimeisha.

FundiPampu_Malaba
Zinafaa kama hazina mfereji. Choma mpaka ziwe nyekundu, tumbukiza majini, sugua masizi. Ukipata mpya, badilisha.