Tupeane uzoefu: mgao wa pesa za michezo vyuoni Marekani, wasichana mlipata nini?

Mkimbiaji_Mstaafu
Wadau, salaam. Huu ni kwa waliosoma Marekani kwa skolashipu ya michezo, au wenye watoto kule. Tangu Julai 1, 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, mwisho dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka huo wa kwanza. Ni matunda ya kesi ya mwogeleaji Grant House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule. Hesabu inayotajwa sana vyuo vikubwa: asilimia 75 futiboli yao ile ya helmeti, 15 kikapu cha wanaume, 5 kikapu cha wanawake, 5 wagawane waliobaki. Waliobaki ndio sisi.

Naanza mimi. Nilikimbia mita 5,000 na nyika, chuo kimoja cha kusini, miaka kumi na kitu iliyopita. Safari ya saa kumi na moja tunaenda kwa basi, chakula mkate na siagi ya karanga kwenye mfuko wa karatasi, jina lako limeandikwa juu kwa makapeni. Futiboli wanakodiwa ndege. Ila niseme ukweli, wanaume wa riadha walikuwa basi lile lile na mkate ule ule.

MamaNeema
Binti yangu anacheza wavu. Kocha aliwaita akawaambia, "Zenu bado zinajadiliwa." Msimu umeisha, zinajadiliwa. Kijana wa futiboli anayesoma naye takwimu hajaingia uwanjani hata dakika moja, na ana gari jipya. Mwanangu ndiye anayemfanyia mazoezi ya darasani.

Mzee_wa_Hesabu
Dada zangu msinirushie mawe. Haki za televisheni za futiboli ndizo zinazolipia hilo basi. Asiyeleta unga asipige kelele jikoni.

Mkimbiaji_Mstaafu
Mzee, huo unga nani aliuficha? Fainali ya kikapu ya wanawake 2024, South Carolina na Iowa, ilitazamwa na watu karibu milioni 19. Ya wanaume mwaka huo haikufika milioni 15. Lakini timu za wanaume zikishinda mechi za mashindano ya taifa, ligi zao zinalipwa, na imekuwa hivyo tangu 1991. Wanawake wameanza kulipwa 2025! Halafu 2021 si mliiona ile video ya mchezaji wa kikapu Sedona Prince, kwenye mashindano hayo hayo? Wanaume wana ukumbi mzima wa vyuma, wanawake wamewekewa kirundo kimoja cha dambeli.

Stoo_Boy
Mimi sikuwa mchezaji, nilikuwa kibarua wa stoo ya vifaa, kazi ya mwanafunzi. Boksi za futiboli zinakuja mpya hadi soksi. Wasichana wa softboli tulikuwa tunawarudishia jezi za msimu uliopita; nimeng'oa namba kwa kiwembe na kuzishona upya usiku. Namba 7 moja niliishona imepinda, yule binti akacheza nayo hivyo hivyo mpaka akamaliza chuo. Nikiikumbuka naona aibu mpaka leo.

Mzee_wa_Hesabu
Sawa, la stoo sina jibu. Ila si kuna sheria ya Title IX, ile inayokataza ubaguzi wa kijinsia vyuoni, tangu 1972?

MamaNeema
Ipo, na inabana skolashipu. Kwenye hizi pesa mpya, Januari 2025 wizara yao ya elimu ilisema nazo zigawanywe kwa usawa. Februari serikali mpya ikafuta maelekezo hayo. Wanawake wanane wakakata rufaa kuhusu malimbikizo ya wanamichezo wa miaka ya nyuma kwenye kesi hiyo ya House, dola bilioni 2.8, maana sehemu kubwa kabisa inaenda futiboli na kikapu cha wanaume.

Binti_wa_Iten
Mimi niko huku sasa hivi, viza ya F-1, ya mwanafunzi. Hata hiyo asilimia 5 naiogopa. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni iliniambia nisisaini chochote kabla ya kumwona mwanasheria, nisije nikahesabiwa nimefanya kazi bila kibali. Wenzangu Wamarekani wanapiga picha za matangazo ya duka la viatu, mimi nimesimama kando nimewashikia mabegi. Na ni Doris Lemngole, msichana wa kwetu, aliyekimbia viunzi na maji kwa 8:58.15 mwaka 2025, rekodi ya vyuo vyote vyao.

MamaNeema
Mwanangu, anza kwa kuyaweka chini hayo mabegi. Kisha niandikie pembeni, namfahamu wakili wa viza.