Gesi, mkaa au umeme: kipi nafuu kwa familia ya watu watano Dar?

Mkwaju_Tabata
Wakuu, naomba ulinganisho wenye hesabu. Watu watano, nyumba ya kupanga, mkaa unanunuliwa kwa kopo. Kujaza mtungi wa kilo 15 kwa kama 55,000 kunaonekana mzigo. Nihamie gesi, au niende umeme moja kwa moja?

HesabuZaJiko
Usilinganishe kopo na mtungi, linganisha joto linaloingia kwenye sufuria. Kilo ya gesi ina megajuli (kipimo cha joto) kama 46, na jiko lake hufikisha zaidi kidogo ya nusu, tuseme 25. Kilo ya mkaa ina kama 29, ila jiko la bati la kawaida hupoteza zaidi ya robo tatu, zinabaki 6 na ushee. Yaani kilo moja ya gesi ni sawa na kilo nne za mkaa, na mtungi wako ni kilo 60.

Pima kopo lako kwenye mizani ya dukani ujue bei ya kilo. Ikipita 920 hivi, gesi ni nafuu. Kwa jiko bora lenye udongo ndani, mkaa unahimili hadi kama 1,400. Na mkaa hauzimwi: chai imeshachemka, makaa yanaendelea kuteketea bure. Hilo halimo kwenye hesabu yangu.

MitiKwanza
Ongeza misitu. Tanuri la kienyeji la kufukia hula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, kwa hiyo hizo kilo 60 ni kilo 300 hadi 600 za miti, na moshi wa tanuri una methani, gesi inayopasha dunia joto. Gesi nayo inatoka kwenye mafuta ya ardhini. Kilo moja ikiungua hutoa kama kilo 3 za hewa ukaa, tusifichane. Lakini haikati mti, haijazi masizi jikoni. Na mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua, hata usipotoa moshi.

FundiMtungi
Ndugu Mkwaju, ukihamia shika haya.

Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Weka mtungi kwenye mizani mbele ya muuzaji, toa huo uzito, kilo 15 zitimie. Kuutikisa hakukwambii kitu.

Ukifunga regyuleta (kile kichwa cha kupunguza presha kinachokaa kwenye valvu ya mtungi) ukasikia "shii", kisha ukiitoa sauti inakatika, mara nyingi ni kipete cha mpira ndani ya valvu kimekatika au hakipo. Rudisha mtungi, usikazie kwa nguvu. Kagua maungio kwa povu la sabuni, kamwe si kiberiti. Propani na butani zote ni nzito kuliko hewa, hivyo gesi ikivuja hujaa sakafuni. Fungua mlango, usiguse swichi.

Moto ukiwa wa njano na sufuria inashika masizi, matundu yameziba au hewa haiingii vizuri. Toa kichwa cha jiko, kisugue kwa mswaki mkavu, zibua matundu kwa sindano.

Kubwa kuliko yote: usiulaze mtungi ili "kumalizia". Gesi ikiwa bado kimiminika itaingia kwenye regyuleta na moto utaruka.

Uniti_Moja
Kwa umeme wa 356 kwa uniti, jiko la koili linahitaji kama uniti 10 kufanya kazi ya kilo moja ya gesi. Hiyo ni 3,560, na gesi kwa bei yako ni kama 3,670. Sare, usihame kwa sababu hiyo. Tofauti iko kwenye sufuria ya presha ya umeme: kilo ya maharage hula karibu nusu uniti, kwa sababu imefunikwa na joto halipotei. Gesi ibaki ya chapati, mboga na chai. Maharage, makande na supu ya mifupa peleka huko.

Mkwaju_Tabata
Nimeelewa. Je, nikianza na mtungi mdogo wa kilo 6, ule wenye jiko juu yake?

FundiMtungi
Kwa chai na mboga sawa. Ugali wa watu watano usiusongee juu yake: ukikandamiza mwiko mtungi unayumba, na sufuria pana hurudisha joto kwenye valvu iliyo chini yake. Nunua jiko la mezani la moto mmoja, regyuleta ya kuendana na valvu hiyo, mpira wa gesi mita moja na nusu na klipu mbili. Ukipanda kilo 15, jiko hutupi, ila hakikisha regyuleta inaingia kwenye valvu mpya kabla hujalipa.