Naomba ushauri: nataka kuirudia filamu ya zamani iliyochezwa hapa Kigoma, je, inaweza kuipita ya kwanza?

Mpiga Video wa Ujiji
Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo.

Nimekwama. Mimi ni mpiga video hapa Ujiji. Harusi, kwaya na mahafali ndiyo yanayoniweka mjini, ila ndoto yangu ni filamu. Kuna filamu moja ilichezwa huku huku Kigoma enzi za kuchoma CD na kuuza mkononi. Mvuvi anampoteza mdogo wake ziwani usiku, kijiji kizima kinamshuku kuwa amemuua, na mama yao ndiye pekee anayejua kilichotokea. Kisa kitamu mno. Lakini sauti ilikuwa inakwaruza, picha giza, stelingi hajui hata kushika kasia, halafu mwisho wake hauna kichwa wala miguu. Haikuuza, ikafa.

Nataka niicheze upya kwa kamera za leo. Rafiki zangu wananitisha, wanasema filamu ya kurudia haijawahi kuipita ya kwanza, nitapoteza hela na jina. Ni kweli? Mnaojua filamu nitajieni zilizorudiwa zikawa bora, na sababu yake. Usingizi siupati.

Mzee wa Kaseti
Marahaba kijana. Rafiki zako hawajaangalia picha za kutosha. Waulize kama wanaijua Scarface. Watakwambia Al Pacino, Tony Montana, bunduki na ngazi za jumba lake. Hiyo ni ya 1983. Ya kwanza ilitoka 1932, jambazi akiwa Mtaliano wa Chicago anayeuza pombe haramu. Brian De Palma alipoirudia, hadithi aliihamishia Miami na jambazi akamfanya mkimbizi wa Cuba, kwa sababu 1980 Wacuba kwa maelfu walikuwa wamevuka bahari kwa boti kuingia Marekani. Mifupa ni ile ile ya 1932, ila damu ni ya watu wa wakati wake. Ndiyo maana leo hata banda la video la Mwandiga wanamjua Montana, na yule wa 1932 hawamjui.

Nyingine ni The Departed ya 2006, ambayo chanzo chake ni Infernal Affairs ya Hong Kong, 2002. Polisi amejificha kwa majambazi, jambazi amejificha kwa polisi. Martin Scorsese aliipeleka Boston, na baada ya kukosa miaka yote ndiyo iliyompa Oscar ya mwongozaji bora. Sisemi ya Hong Kong ni mbaya, mimi naipenda sana. Nasema kurudia si dhambi.

Mnyamwezi wa Cheyo
Tabora tupo! Umenikumbusha marehemu baba. Yeye Don ni moja tu, ya Amitabh Bachchan, 1978. Hiyo aliiangalia mpaka mkanda ukalegea. 2006 ikatoka ya Shah Rukh Khan, nikamkalisha aitazame. Nusu ya kwanza analalamika tu, "huyu hana sauti ya Don". Tulipofika mwisho, ikajulikana kwamba yule tuliyedhani ni mtu wa kawaida anayejifanya Don ndiye Don mwenyewe siku zote, mzee akasimama. Ya kwanza haikuwa na hiyo. Akakaa kimya, kisha akasema, "Hapo wamenipata." Sijawahi kumsikia akikubali kushindwa tena maisha yake yote.

Kijana wa Mwanga
Mkuu umemaliza utamu! Ndo nilikuwa naipakua usiku huu 😂

Mnyamwezi wa Cheyo
Filamu ya 2006 bado hujaiangalia? Pole yako mdogo wangu.

Mama Pacha
Samahani, mbona hakuna anayeuliza la msingi? Kijana, hiyo filamu ni ya nani? Mwenyewe anajua kama unataka kuirudia?

Mpiga Video wa Ujiji
Dada Mama Pacha, kikundi kilichoicheza kilishasambaratika zamani. Wengine wamehama, wengine wametangulia mbele ya haki. Hakuna anayeifuatilia tena.
Mzee wa Kaseti asante sana. Je, kuna za kutisha au za kijijini zilizorudiwa? Yangu haina bunduki.

Mzee wa Kaseti
Zipo. The Thing ya John Carpenter, 1982. Hadithi iliandikwa 1938, ikatolewa filamu 1951. Ile ya 1951 walimvalisha mtu mavazi, wakamwita kiumbe cha anga za juu, wanajeshi wakapambana naye. Carpenter alirudi kwenye hadithi yenyewe, ambako kiumbe anaweza kujigeuza mtu yeyote. Wanaume wamekwama kwenye barafu kusini mwa dunia, na kila mmoja anamtazama mwenzake: wewe ni wewe kweli? Hofu ikahama kutoka kwa zimwi ikaingia baina ya watu. Ilipotoka haikuuza vizuri na waandishi waliiponda, leo inahesabiwa kati ya bora kabisa za aina yake. Na wewe kijiji chako kinachomshuku mvuvi ni hofu hiyo hiyo. Hapo ndipo pa kukaza.

Ila usije ukafanya kama Psycho ya 1998. Yule mwongozaji aliirudia ya Hitchcock ya 1960 karibu pozi kwa pozi, akaongeza rangi na waigizaji wapya. Watu wakauliza, kwa hiyo? Kama huna jipya la kusema, acha ya kwanza ijisemee.

Mama Pacha
Nauliza tena, maana sijajibiwa. Kikundi kimesambaratika sawa. Aliyeitunga na kuiongoza yuko hai au amefariki?

Wakili Msomi Mtarajiwa
Swali zuri sana hilo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haijali kama filamu iliuza au ilikufa. Wazo tupu la mvuvi aliyepotea ziwani halina mwenyewe, ila hadithi jinsi ilivyosukwa, wahusika na maneno yao vina mwenyewe, na akifa vinabaki kwa warithi. Pia kumbuka kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kupiga picha.

Mpiga Video wa Ujiji
Yuko hai. Ni mjomba wangu, kaka yake mama. Siku hizi yuko Kaliua analima tumbaku.

Kijana wa Mwanga
Weeee 😳 na ulisema hakuna anayeifuatilia!

Mama Pacha
Nilijua tu. Amesemaje?

Mpiga Video wa Ujiji
Nilimwambia kwa simu. Amekataa. Amesema nikiirudia nitamfuta, watu watasahau kama aliwahi kufanya kitu.

Lakini naomba mnielewe kabla ya kunihukumu. Hapakuwa na skripti, alikuwa anawaelekeza waigizaji papo hapo. Kisa chenyewe alisimuliwa na bibi, mama yake, na bibi ni bibi yangu pia. Kwa hiyo si chake peke yake. Na mama yangu ndiye aliyecheza yule mama wa mvuvi. Pale anapokaa ufukweni anafunga na kufungua ncha ya kanga yake, hasemi neno, kijiji kinamzunguka, hakuna muigizaji wa siku hizi atakayenipa kile. Mama hayupo tena. Filamu imebaki kwenye CD moja yenye mikwaruzo ambayo inagandaganda hapo hapo kwenye uso wake. Niiache iozee?

Na kuna mfanyabiashara amenipa kianzio. Vipande vya mchana nimeshaanza kupiga. Siwezi kurudi nyuma.

Mama Pacha
Pole kwa mama. Mungu amrehemu. Ila mdogo wangu, hapa huombi ushauri, unaomba baraka za watu usiowajua baada ya mwenye mali kukunyima. Mjomba ni mama wa kiume. Mama hayupo, uliyebakiwa naye ni huyo, unataka kugombana naye kwa ajili ya kianzio cha mfanyabiashara?

Mzee wa Kaseti
Mama Pacha ana haki. Nikupe kisa. 1964 Sergio Leone alitoa A Fistful of Dollars, ile iliyomtoa Clint Eastwood. Aliichukua Yojimbo ya Mjapani Akira Kurosawa, 1961, akamvua stelingi upanga na kumpa bastola, wala hakuomba ruhusa. Wajapani wakashtaki. Wakamalizana nje ya mahakama kwa kuwapa asilimia 15 ya mapato ya dunia nzima. Filamu ilikuwa nzuri, tena sana, na uzuri wake haukumsaidia chochote. Leone alikuwa na watu wa kumlipia. Wewe una kianzio.

Karabai la Kibirizi
Wakuu, mimi nimesoma tangu juu nimenyamaza. Sasa naona mnampa mtu machozi ya bure. Uzi huu ni wa kutunga.

Mimi ni mvuvi wa dagaa. Filamu anayoielezea kuna mtu aliwahi kunionyesha kipande kwenye simu, au kitu kinachofanana nayo. Ndugu wawili wanavua dagaa, mwezi mpevu unawaka juu kama taa ya uwanja wa mpira. Nani anavua dagaa mwezi mpevu? Dagaa wanafuata taa gizani. Mwezi ukijaa taa haina kazi, sisi tunakaa nchi kavu tunashona nyavu. Mtu wa Kigoma aliyezaliwa na mama wa Ujiji hawezi kutunga kitu kama hicho. Huyu kakaa zake Dar anatafuta hadithi, au hata filamu yenyewe haipo. Na kwa nini jina la filamu hataji?

Kijana wa Mwanga
Duh. Na mimi nimeanza kushtuka. Mama amefariki, CD moja imebaki, mjomba yuko Kaliua, mbona kama picha la Kihindi hili?

Mnyamwezi wa Cheyo
Kama ni ya kutunga basi aliyeitunga anajua kazi. Mimi ule ufukwe na ile kanga nimeviona.

Mpiga Video wa Ujiji
Kaka Karabai, kipande ulichokiona ndicho chenyewe! Mwezi mpevu ndiyo kosa nililolia nalo tangu mwanzo.

Hawakuwa na taa wala jenereta. Kamera ile ya mkanda gizani haikuona kitu, wakangoja mwezi ujae ndipo wakapiga. Ilipoonyeshwa mwaloni wavuvi walicheka kwa sauti hata mama alipoanza kulia kwenye filamu hakuna aliyemsikia. Siku ile ndiyo filamu ilipokufa. Nilikuwa mtoto, nimekaa chini mbele kabisa.

Mimi nataka giza la kweli. Mwezi haupo, taa zimeinama majini, dagaa wanazunguka chini ya mwanga kama vumbi la fedha, na mwanga unapoishia huoni hata mkono wako. Mdogo mtu anasogea hatua moja nje ya mwanga, basi. Kijiji hakikuona, kaka hakuona, na anayetazama hakuona. Hapo ndipo shaka inapozaliwa. Ya kwanza isingeweza, mwezi ulionyesha kila kitu, kila mtu alijua kaka hana hatia.

Jina sitaji kwa sababu mjomba ana watu wake humu.

Mzee wa Kaseti
Kijana, hapo umejibu swali lako mwenyewe. Hayo ya giza ni jambo ambalo ya kwanza ililihitaji na haikulipata.

Sasa mfikishie mjomba habari za Mehboob Khan. 1940 alitoa Aurat, mama wa kijijini anayelea wanawe kwenye ufukara na madeni. Miaka 17 baadaye akaichukua filamu yake mwenyewe akaifanya upya, kwa rangi, Nargis akiwa mama. Ndiyo Mother India ya 1957, iliyofika mpaka kugombea Oscar. Kuirudia Aurat hakukumfuta, alirudi kuimalizia. Na Agneepath: Yash Johar aliitengeneza 1990 na Amitabh, haikumlipa kama alivyotarajia. Alipofariki, mwanawe Karan akairudia 2012 na Hrithik Roshan, ikauza vizuri mno. Mtoto alirudisha heshima ya kazi ya baba yake. Usimwambie mjomba "naifanya yako upya". Mwombe akae kwenye kiti cha mwongozaji pembeni yako.

Mpiga Video wa Ujiji
Mzee, nitalifikiria. Ila mwongozaji ni mimi. Tukikaa wawili hatutaelewana, namjua. Jina lake naweza kuliweka mwanzo kabisa, kabla ya langu. Na kile kipande cha mama naomba nikitumie kilivyo, na mikwaruzo yake, kama ndoto ya yule mvuvi.

Wakili Msomi Mtarajiwa
Kipande cha zamani nacho kinahitaji ruhusa ya mwenye filamu. Andikeni karatasi: jina litakaa wapi, atapata kiasi gani, kipande kipi kinatumika. Mtie sahihi wote wawili mbele ya shahidi, nakala moja abaki nayo. Na mfanyabiashara wako aambiwe ukweli kabla hajatoa hela nyingine.

Mama Pacha
Na usimalize kwa simu. Nenda Kaliua, umsalimie, ulale, ndipo uongee. Na hiyo CD ipeleke kwa mtu ainakili kabla haijafa kabisa, hilo halihitaji ruhusa ya mfanyabiashara.

Karabai la Kibirizi
Mpiga Video, nimerudi. Habari za wavuvi kucheka mwaloni nimemuuliza kaka yangu mkubwa. Anakumbuka. Anasema na yeye alicheka. Samahani kwa niliyosema kuhusu mama yako.

Boti ninayo, taa ninazo, na giza litakuwepo juma lijalo na lile la baada yake. Mafuta juu yako. Stelingi wako aje kwangu mapema nimfundishe kasia, sitaki aibu ile tena. Lakini boti yangu haitoki Kibirizi mpaka nione sahihi ya mjomba wako.

Mpiga Video wa Ujiji
Kaka, asante. Nakata tiketi ya treni.

Kijana wa Mwanga
Ukifika Kaliua tupe mrejesho hapa hapa. Na stelingi kama hujampata, mimi kuogelea najua.