Yule mthamini mnayemjua KAPIMA HEWA na kaiandikia kodi!

Kona_Tisini:
Wakuu, hasira niliyonayo hata herufi nazipiga kwa ngumi. Yule mthamini wa kodi ya majengo, sina haja ya kumtaja, mnamjua, yule mwenye futi kamba ambayo haijawahi kufunguliwa tangu itoke dukani. Leo kakabidhi karatasi ya vipimo vya nyumba mpya ya ghorofa moja. KAPIMA HEWA.

Nyumba ni mita 12 kwa 10 kwa nje. Chini kaandika mita za mraba 120. Juu kaandika 120. Jumla 240. Sasa sebule ya nyumba hiyo ni mita 5 kwa 6 na haina sakafu juu yake, imepanda moja kwa moja mpaka dari ya juu. Ukiwa ghorofani unashika reli unayatazama makochi kule chini. Mita za mraba 30 ambazo hakuna kiumbe anaweza kuzikanyaga labda popo! Kaziandika. Kazizidisha kwa bei ya sakafu iliyomwagwa zege, ikasukwa nondo, ikabandikwa vigae.

Jengo ni 210, yeye anasema 240. Eneo limezidi kwa asilimia 14 na ushee, na likishaingia kwenye daftari linakurudia kila mwaka. Tena nyumba ni mpya, hakuna uchakavu wa kupunguza, kwa hiyo hewa imepigwa bei kamili!

Kuambiwa apande ngazi akaone, anajibu: "Kwa nje inaonekana ghorofa nzima." KWA NJE INAONEKANA! Na hapo bado sijatoa tundu la ngazi.

Nondo12:
Huyo huyo! Anapimia kwenye kioo cha gari. Kwake kila nyumba ni boksi. Jengo linatakiwa likatwe vipande, kila kipande na bei yake: vyumba bei yake, gereji bei yake, baraza lenye paa lisilo na kuta bei ndogo kabisa. Yeye anakusanya vyote humo humo kwa bei ya chumba cha kulala.

Mama_Ramani:
Mleta uzi, una haki ya kukasirika ila umeanza kuharibu. Tundu la ngazi HALITOLEWI. Ngazi huhesabiwa kila ghorofa inayopita. Kinachohesabiwa mara moja tu, kwenye sakafu yake ya chini, ni uwazi kama huo wa sebule. Ukipeleka pingamizi umetoa na ngazi, watakuona hujui kupima na hata hoja yako nzuri itachafuka. Halafu ukuta wa sebule hiyo una kimo mara mbili, hiyo ni gharama halali. Inaongezwa kwenye marekebisho ya kimo, siyo kwenye eneo la sakafu.

Kona_Tisini:
Haya, ngazi nimeifuta mama yangu. Lakini HEWA! Mtu anaiandikaje hewa?

Mchora_Mkato:
Anaiandika kwa sababu hajui kusoma ramani. Uwazi kwenye ramani ya ghorofa huchorwa mistari miwili inayokatizana kona kwa kona kama alama ya X. Asiyejua anaona kuta nne, anahesabu chumba. Ndiyo maana ramani ya sakafu peke yake haikutoshi. Ambatanisha mchoro wa mkato wa jengo, ule unaoonyesha sebule ikipita mpaka juu bila bamba la zege katikati, na picha moja iliyopigwa kutoka kwenye reli kuelekea chini.

Kabla ya hapo omba kadi ya jengo lako, ile rekodi ya mthamini yenye kimchoro chake cha vipimo, uone 120 ya juu ilitoka wapi. Kisha usilie kwamba kodi ni kubwa, hakuna anayesikiliza hilo. Andika "eneo sahihi ni 210, siyo 240" na hesabu yake chini. Siku ya mwisho ya pingamizi imeandikwa kwenye notisi, isome leo.

Bati_Jipya:
Hewa ni nafuu jamani! Kuna yule mwingine, bati likishapigwa msumari wa mwisho anaandika "imekamilika." Ndani hakuna lipu, dari, nyaya, bomba wala mlango. Umaliziaji unakula pesa nyingi kweli kweli, na kinachotakiwa ni hali ya jengo siku ile ya tarehe ya uthamini. Piga picha kila chumba siku hiyo, hata choo kisicho na sinki.

Nondo12:
Na anayekudai risiti zote akazijumlisha akaita thamani? Fundi akijenga ukuta umepinda, ukabomolewa ukajengwa upya, umelipia mara mbili lakini ukuta ni mmoja!

Futi_Kamba:
Nyote mmeruka jambo kubwa. Ile 12 kwa 10 ni vipimo vya nje. Kuta zikiwa na unene wa sentimita 23, ndani inabaki 11.54 kwa 9.54, yaani mita za mraba 110. Tofauti ya karibu 10 kila ghorofa! Jedwali la bei za kila mita ya mraba analotumia mthamini likiwa la vipimo vya nje, unapima nje. Likiwa la ndani, unapima ndani. Kuchanganya ndiko kunakoua.

Kona_Tisini:
Jedwali lao ni la nje, hapo hana kosa. Kosa lake ni hewa.

Bati_Jipya:
Futi kamba yenyewe ikilegea katikati inasoma zaidi ya urefu wa kweli. Leza, kile kifaa cha kupimia kwa mwanga, ndiyo mpango.

Futi_Kamba:
Leza juani? Kile kidoti chekundu utakiona wapi saa saba mchana? Watu wawili wavute kamba ikaze, basi.

Bati_Jipya:
Unasimamisha ubao mweupe kwenye kona, kidoti kinaonekana. Shida ya wengi ni kutoangalia kifaa kinaanza kuhesabu kutoka kitako au kichwa. Ukikosea hapo, kila kipimo kinakosewa kwa urefu wa kifaa chenyewe.

Nondo12:
Hapo kwenye kitako hebu fafanua, yangu ina kimguu cha kukunjua pembeni.